Imebaki Vifungo Tu

Palikuwapo nchi, na ipo bado, lakini si hii. Mungu apishe mbali. Ilikuwa na kila kitu ambacho nchi hupaswa kuwa nacho: wimbo, bendera, mto unaofurika, na Waziri wa Maadili, Michezo na Mapato. Waziri huyo alikuwa mtu mmoja kwa sababu serikali ilikuwa ikibana matumizi.

Waziri aliichukia kamari. Aliichukia redioni, aliichukia kwenye mahafali, aliichukia hata kwenye harusi alizoalikwa kula tu. Kwa hiyo wananchi walishangaa kidogo zilipoingia mashine za dubwi, zile za taa za rangi na matunda yanayozunguka, na kwenye kila sanduku pameandikwa jina la shemeji yake. Ikabidi Waziri akalifafanue jambo hilo Bungeni.

"Waheshimiwa," alisema, "kamari ni haramu na itabaki haramu mpaka tutakapozikwa. Lakini tusiionee mashine. Mashine haina nia. Inameza sarafu kama mtoto anavyomeza uji. Kamari haimo ndani ya mashine, kamari imo usoni mwa mchezaji! Akiliwa fedha akanuna, hapo pana kamari. Akiliwa akacheka, hapo pana burudani, na burudani ni haki ya kila raia."

Wabunge walipiga meza mpaka glasi zikacheza. Mbunge mmoja mzee, ambaye masikio yake yalikuwa bado mazima, akauliza itakuwaje kwa anayeshinda. Waziri alimshukuru kwa swali zuri, akajibu kwamba wataalamu wamelichunguza hilo na wameona halitatokea mara nyingi kiasi cha kuhitaji kifungu.

Ndivyo ilivyopita Sheria ya Mashine za Kuburudisha. Kila mashine ilibandikwa kibandiko cha serikali kinachothibitisha kwamba inafurahisha. Wakaajiriwa Wakaguzi wa Nyuso, wakapewa kofia na tochi za kumulika mashavu. Aliyeliwa akakunja uso alikamatwa palepale kwa kosa la kuigeuza mashine halali kuwa chombo cha kamari. Mwenye mashine alipewa pole kwa usumbufu.

Watu wa nchi ile ni wepesi wa kujifunza. Haukupita muda, ukienda sokoni unasikia sarafu inaingia, matunda yanazunguka, yanasimama vibaya, halafu mtu anacheka. Mashine zikawekwa zahanati, pale wagonjwa wanaposubiri. Zikawekwa nje ya shule, kwa maelezo kwamba watoto hucheka upesi kuliko watu wazima.

* * *

Siwema alikuwa na mdogo wake mmoja, Kondo. Mama yao alipofariki Kondo alikuwa bado ananyonya kidole, na Siwema ndiye aliyemlea, akamvusha ukubwani, akamnunulia cherehani. Kondo akawa fundi wa barazani, fundi mzuri, mwenye kasoro ile ya mafundi wote. Futi shingoni, pini midomoni, ukimwendea kuulizia gauni lako anakujibu kwa meno yaliyofungwa, bila kukutazama:

"Kesho asubuhi, shangazi. Imebaki vifungo tu."

Hata kama nguo yenyewe ilikuwa bado kitambaa kilichokunjwa juu ya kabati, ilikuwa imebaki vifungo tu. Hata kama ilikuwa suruali ya mtoto ya mpira kiunoni, isiyo na kifungo hata kimoja. Mtaa mzima uliujua wimbo huo na ulimpenda nao.

Mashine ya dubwi ilipowekwa kando ya baraza lake, Kondo alikwenda kuitazama wakati pasi inapata moto. Siku nyingine alikwenda pasi ikiwa imekwisha kupata moto. Mwishoni pasi haikuwapo. Baadaye mkasi nao haukuonekana, na asubuhi moja Siwema, akiwa anafagia uwanja, aliiona ile cherehani aliyoinunua kwa jasho lake ikipita barabarani kichwani mwa mtu asiyemjua.

Jioni alimkalisha chini.

"Kondo, umekwisha. Na bado unacheka. Unacheka nini, mdogo wangu?"

"Nisipocheka watanikamata, dada."

"Basi usiende."

"Nikikaa hapa naiona ile nafasi ya cherehani ukutani. Nitanuna tu. Afadhali pale nacheka na wenzangu."

"Hiyo ni akili gani?"

"Ni sheria, dada," alisema Kondo, akamtolea yale meno yake.

Alikufa amekaa kwenye kigoda mbele ya mashine, kinywa wazi. Kwa muda mrefu hakuna aliyetambua, maana uso wake haukuwa na kosa lolote. Mkaguzi wa zamu, Bwana Tindwa, mtu mpole mwenye sauti ya karani wa mahakama, alimmulika mara kadhaa na kuwaambia wengine wamtazame yule, wajifunze. Alipomgusa bega kumpongeza, Kondo alianguka.

* * *

Bwana Tindwa alifika msibani kabla mikeka haijatandikwa yote. Alivua viatu kwa heshima, akaketi, akamwambia Siwema kwamba serikali imepokea taarifa kwa utulivu mkubwa.

"Mama, marehemu amefariki akiburudika. Hilo ni jambo la kushukuru. Lakini lipo jambo dogo la kisheria."

"Lipi hilo, baba?"

"Mchezaji akifariki, uso wake unakuwa umefungwa. Sasa sheria inasema uso wa ndugu ni uso wa mchezaji. Kwa hiyo mkilia hapa, mtakuwa mmemlilia. Na mkimlilia, maana yake aliliwa akahuzunika. Na kama alihuzunika, basi alikuwa akicheza kamari."

"Amekwisha kufa. Mtamfunga maiti?"

"Hatufungi maiti, mama, sisi si wanyama." Bwana Tindwa alionekana kuumia. "Tunawachukua tu. Mcheza kamari huzikwa katika shamba la serikali. Halina majina wala njia, na ndugu hawaruhusiwi. Lakini mkikaa vizuri mpaka jeneza litoke, mtamzika popote mnapotaka."

Siwema alitaka kumzika ubavuni mwa mama yao. Nafasi ilikuwapo, palipandwa mti mmoja wa mkwakwa, na alikuwa amepaweka kwa ajili yake mwenyewe, hakufikiri kwamba mdogo angetangulia.

Wanawake wa mtaa waliingia mmoja mmoja, wakaketi, nyuso zimekauka kama sahani zilizopanguswa. Hakuna aliyesema "maskini." Hakuna aliyesema "jamani." Mtoto mchanga mmoja alilia, na mama yake akaapa mbele ya tochi kwamba ni njaa, akapewa onyo. Siwema alikaa karibu na jeneza, mikono mapajani. Alijua kilio kikimtoka tu, Kondo amekwenda shambani kwa wasio na majina.

Hapo ndipo ilipovuma sauti uwanjani:

"Hodi, wafiwa! Yuko wapi huyo mwizi wa vitambaa?"

* * *

Siwema na watu wake walikuwa na watani wao, watu wa ng'ambo ya mto. Utani huo uliwakuta babu zao, na haukuwa na kitabu. Ukifiwa, mtani wako anakuja kukutukana. Huvaa nguo za marehemu, humwigiza mwendo na sauti, huiba nyama jikoni, na akitaka hujilaza kizingitini mwa nyumba yenye maiti, asiondoke mpaka apewe anachodai. Hukasiriki. Ukikasirika wewe ndiye mwenye makosa. Na siku yake ikifika, wewe ndiye unayekwenda kumfanyia vivyo hivyo.

Mtani aliyekuja ni Bi Nyamizi, bibi mnene mwenye jino moja la dhahabu, ambaye hakuwahi kukosa msiba wa upande wa pili tangu ujana wake.

"Mmekaa kama mihogo iliyochemshwa!" alisema mlangoni. "Na huyu naye kafa na gauni langu la Idi! Nyie watu mnakufa ovyo, hamna hata adabu ya kusubiri nguo za watu ziishe!"

Mwanamke mmoja alicheka kabla hajajizuia. Bwana Tindwa aliruka na tochi, akamulika, akabaki ameduwaa. Kicheko. Kicheko halisi, msibani, na hakuna aliyeamriwa. Alitoka nje, akapiga simu wizarani.

Waziri alifika na magari yake, wapiga picha wake, na rambirambi yake, ambayo ilikuwa mashine mpya ya dubwi iliyofungwa utepe mweupe. Iliwekwa kando ya mlango, ikawashwa, matunda yakaanza kujizungusha yenyewe.

"Wananchi," alisema Waziri, "kwa muda mrefu maadui zetu wamedai kwamba mashine hizi zinaliza. Leo dunia itazame. Huyu kijana amekufa akiburudika, na ndugu zake wanamsindikiza kwa vicheko! Ni taifa gani jingine limefikia hatua hii?"

Hakuna aliyejua taifa jingine.

Bi Nyamizi alikuwa ameingia ndani wakati wa hotuba. Alitoka amevaa shati la Kondo, limembana tumboni, futi shingoni, pini midomoni. Alitembea kama Kondo, bega moja chini. Alimzunguka Waziri akimpima kiuno kwa futi, akatikisa kichwa, akampima tena kana kwamba haamini. Watu walishika mbavu. Kisha akajilaza kizingitini, chali, ukubwa wake wote, mlango ukazibika.

"Haya, mtoeni maiti yenu," alisema. "Mimi siondoki mpaka nipewe changu."

"Anataka nini?" Waziri alinong'ona.

"Ni desturi, Mheshimiwa," alisema Bwana Tindwa. "Asipopewa, jeneza halitoki."

Waziri aliwatazama wapiga picha, akatabasamu kwa upana. "Mama, omba chochote."

"Nataka huyu dada yake acheke. Acheke mpaka machozi yamtoke, na asiguswe na mtu."

Waziri alilipenda ombi hilo. Aliinua mkono na kutamka, na tamko lake liliandikwa gazetini neno kwa neno: mahali popote penye mashine yenye kibandiko cha serikali, mtu anayecheka mpaka akatokwa machozi asiguswe, asihojiwe, wala asiondolewe, maana huyo amefikia kilele cha burudani.

Bi Nyamizi aligeuza kichwa pale chini, akamtazama Siwema moja kwa moja. Akafunga meno juu ya pini.

"Kesho asubuhi, dada," alisema, na ilikuwa sauti ya Kondo, Kondo mwenyewe, hata kile kikohozi kidogo cha katikati. "Imebaki vifungo tu."

Siwema alicheka. Kicheko kilimtoka kwa nguvu hata kikamshangaza mwenyewe. Alicheka akaona baraza, akaona pasi, akaona ile suruali ya mpira, na kicheko kikaendelea kushuka mpaka kikafika mahali ambapo hapakuwa na kicheko tena. "Kondo! Mdogo wangu Kondo! Vifungo, Kondo!" Machozi yalimiminika. Mtaa mzima ulicheka naye, na mtaa mzima uliloa.

Bwana Tindwa alisogea. Alichukua chozi moja shavuni mwa Siwema kwa ncha ya kidole, akalionja.

"Lina chumvi," alisema kwa wasiwasi.

"Yote yana chumvi, mwanangu," alisema Bi Nyamizi kutoka chini. "Tusaidie kubeba."

Kondo akazikwa ubavuni mwa mama yake.

Wakati wa kuosha vyombo Bi Nyamizi alikuwa bado na lile shati. "Sikiliza, wewe mhogo," alimwambia Siwema. "Siku yangu ikifika usiniletee uso wa kuombea mvua. Njoo unitukane."

"Nitakutukana mpaka ufufuke."

"Hapo sasa. Na jino langu la dhahabu usiling'oe."

* * *

Tamko la Waziri lilifanya kazi kuliko alivyotazamia. Wafiwa wa nchi ile, na hawakuwa wachache, waligundua kwamba mbele ya dubwi mtu anaweza kulia. Walitoka mbali na sarafu moja mkononi. Mjane aliitumbukiza, akacheka mara mbili tatu kwa ajili ya tochi, kisha akamlilia mumewe mpaka akatosheka, akapisha mwingine. Foleni zikarefuka. Mashine zikajaa, zikaletwa nyingine, na moja kubwa, ya mfano kwa taifa, ikasimamishwa mbele ya mlango wa wizara yenyewe.

Waziri alisoma takwimu za burudani akafurahi. Akasema heri ile haiwezi kuachwa iende ovyo ovyo, ni lazima iwe na mkurugenzi. Gari likatumwa ng'ambo ya mto kumchukua Bi Nyamizi.

Waliokuwapo nje ya wizara walimwona akipanda ngazi, akimtania askari wa mlangoni kuhusu masikio yake. Alikuwa amewaambia majirani anachokwenda kusema: kwamba utani hauajiriwi, na kwamba hawezi kumchekesha mtu kwa niaba ya aliyemuua ndugu yake. Aliingia. Mlango ukafungwa polepole, ule mlango mzito.

Hakutoka.

Wajukuu wake walipokwenda kuuliza, waliambiwa bado anaburudika. Walirudi tena wakaambiwa ameburudika sana, hawezi kukatizwa. Mara ya mwisho karani aliwaletea dirishani kanga yake moja, imefuliwa na kupigwa pasi vizuri, akawaambia mama alisema haihitaji tena.

Wajukuu hawakwenda nayo nyumbani. Walivuka mto, wakaipeleka kwa Siwema.

Siwema aliipokea kwa mikono miwili. Aliinusa, ilinuka sabuni tu. Watu walikuwa wamejaa uwanjani wakimtazama atafanya nini, na Bwana Tindwa alikuwa miongoni mwao, tochi imezimwa.

"Mama," alisema Bwana Tindwa kwa sauti ya chini, "hakuna maiti iliyotangazwa. Hakuna msiba."

"Nimekusikia, baba."

"Sasa unakwenda wapi?"

Siwema alikuwa anajifunga ile kanga. "Nakwenda kumtukana mtani wangu," alisema.

* * *

Ilikuwa saa ya kazi, jua kali, magari ya wakubwa yamepangwa. Siwema alipanda ngazi za wizara kwa mwendo wa Bi Nyamizi, tumbo mbele, akipumua kwa kelele. Futi la Kondo lilikuwa shingoni mwake.

"Hodi humo ndani!" aliita. "Yuko wapi huyo bibi mlafi? Amekwenda kula ya serikali peke yake, ametusahau! Toka, jino bovu wewe!"

Askari wa mlangoni, yule mwenye masikio, alicheka, halafu akaacha kucheka.

Siwema alitumbukiza sarafu katika mashine ya mfano. Matunda yalizunguka, yakasimama vibaya. Akacheka. Kisha akajilaza kizingitini mwa wizara, chali, kichwa upande mmoja na miguu upande wa pili.

Hakuna mtu wa nchi ile, awe wa upande huu wa mto au wa ule, asiyejua mtani hujilaza kizingitini mwa nyumba ya namna gani. Waliokuwa wakipita walisimama. Muuza karanga alitua sinia lake. Mjane mmoja alikuja akajilaza ngazi ya pili, akacheka. Wajukuu wa Bi Nyamizi walijilaza ngazi ya tatu. Halafu wakaja wale wa kwenye foleni za madubwi, sokoni, zahanati, kila mtu na marehemu wake, wakajaza ngazi, wakajaza uwanja, wamelala chali na machozi yanawaingia masikioni. Walicheka wote.

Wakaguzi waliletwa kwa malori. Walimulika mchana kweupe, uso baada ya uso, na hawakuona kosa. Kila mmoja alikuwa anacheka mpaka machozi, mahali penye mashine yenye kibandiko. Hawakuweza kumgusa, kumhoji wala kumwondoa mtu yeyote. Bwana Tindwa alifika kizingitini, akasimama ubavuni mwa Siwema. Kisha alivua kofia, akaiweka juu ya mashine, akaenda kutafuta nafasi ya kulala.

Kufikia alasiri hakuna aliyeweza kuingia wizarani wala kutoka. Waziri alikuja mlangoni, upande wa ndani, na kuufungua kiasi cha kupitisha uso. Nyuma yake korido ilikuwa ndefu, na kimya, na milango yote imefungwa. Alikuwa anajaribu kutabasamu.

"Mama," alisema, "wananchi wameburudika vya kutosha. Mtaondoka lini?"

Siwema alimtazama kutoka chini. Alitoa pini za Kondo kwenye pindo la kanga ya Bi Nyamizi, akazipanga midomoni taratibu, moja moja, akafunga meno.

"Kesho asubuhi, Mheshimiwa," alisema. "Imebaki vifungo tu."

Ngazi zote ziliangua kicheko, kikapokewa uwanjani, kikapokewa barabarani na watu ambao hawakuwa wamesikia kilichosemwa. Waziri naye alicheka, maana alikuwa anamulikwa na tochi za wakaguzi wake. Alicheka kwa muda mrefu, akingoja wao waache kwanza.